Kina Mama, Vigelegele!

Ilikuwa mwishoni mwa Novemba, katika zile siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia ambazo huanza tarehe 25 na kumalizika tarehe 10 Desemba, nasi tulikuwa tumeketi chini ya turubai katika uwanja wa shule ya msingi, kijiji kimoja upande wa Kilolo, mkoani Iringa, tukimsubiri mgeni rasmi aliyetakiwa kufika saa nne na akafika saa saba kasoro robo. Mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha kunyesha, ukungu ulikuwa haujainuka vizuri juu ya mashamba ya miti, na kina mama waliotoka makwao tangu alfajiri walikuwa wamejitanda vitenge mabegani juu ya masweta. Kikoba chetu, kikundi cha kuweka na kukopa, kilialikwa kwa sababu, pamoja na vikundi vingine vinne, kilikuwa kipokee mbegu za viazi. Magunia yalikuwa yamepangwa mbele ya meza kuu, yamefunikwa kitambaa cha zambarau, na kila mmoja wetu alikuwa akiyahesabu kwa jicho.

Mgeni rasmi alizungumza vizuri kwa dakika kama kumi. Aliisoma hotuba aliyoandikiwa, yenye ndoa za utotoni, mimba za wanafunzi na umuhimu wa kutoa taarifa mapema. Kisha akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akasema sasa azungumze kama mtoto wa nyumbani, na waliozoea mikutano ya namna hii wanajua kwamba hapo ndipo mambo huanza. Alisema kwamba kwa baridi hii yetu mwanamume asiye na blanketi asilaumiwe akivuta la jirani, na kwamba blanketi hata likisema hapana usiku, asubuhi utalikuta limepata joto. Turubai lote likacheka.

Mimi nami nilicheka. Naliandika hili mapema kwa sababu makala nyingi za mzaha wa ubakaji huandikwa na watu ambao, kwa maelezo yao, siku zote walinyanyuka na kutoka nje. Mimi nimefundisha sekondari kwa miaka 26, na kwa 11 kati ya hiyo nimekuwa mwalimu wa malezi. Hakuna mtu katika uwanja ule aliyekuwa na sababu nyingi kuliko zangu za kutocheka. Kicheko kilitoka kabla sijakiruhusu, kama kinavyotoka kikohozi.

Kando yangu alikaa mama mmoja wa makamo ninayemfahamu kwa sura tu, kwa kuwa huwa namwona njia panda ya Ilula akiuza nyanya kwa ndoo. Yeye hakucheka, wala hakununa. Alikuwa ameishika ncha ya kitenge chake na kuikunja, akaikunja tena na tena mpaka ikawa donge dogo gumu kama punje ya hindi, kisha akaliachia likafunguka lenyewe mapajani, akaanza upya. Mheshimiwa alipomaliza, MC akachukua kipaza sauti na kuita kwa furaha, “Kina mama, vigelegele!” Vikatoka viwili upande wa mbele, kimoja kikakatikia njiani, kisha kukawa kimya. Akaita tena. Safari hii hakikutoka hata kimoja. MC akakigonga kipaza sauti kwa kidole, akapuliza, akamgeukia kijana wa mitambo na kumwuliza kama kimezima.

Hakuna aliyetupangia kunyamaza. Nimewauliza wenzangu baadaye, na kila mmoja ananiambia kwamba alikuwa akimsubiri mwenzake aanze.

Najua jibu ambalo wengi wameshaliandaa: huo ulikuwa utani, na Mtanzania asiye na utani ni Mtanzania gani? Nami ni Mhehe, utani nimeukuta nyumbani. Tunataniwa mchana kutwa, kwamba tunakula mbwa, kwamba tukiudhika kidogo tunaulizia kamba ilipo. Wangoni, ambao babu zetu walipigana nao vita vikali kati ya 1878 na 1882, leo ni watani zetu, na mtani akifika msibani anaweza kulala ndani ya kaburi na kukataa kutoka mpaka atolewe kwa chochote, na wafiwa watacheka huku machozi yakiwa bado mashavuni. Babu humwita mjukuu wake wa kike “mke wangu”, naye mjukuu humjibu mbele ya watu kwamba haolewi na bwana asiye na meno. Wala si kweli kwamba wanawake tunaogopa maneno ya faragha. Aliyewahi kukaa karibu na kungwi kwenye kitchen party anajua kwamba kuna mambo husemwa pale ambayo mheshimiwa yule angeyasikia angetafuta mlango.

Lakini utani wote huo una kitu kimoja ambacho uwanjani hakikuwapo, nacho ni nafasi ya kurudisha. Mngoni akinitania leo, kesho nami nina langu juu yake, na asiponipa nafasi ya kulisema, wazee watamwambia kwamba amevunja utani. Mjukuu ana jibu la meno. Je, chini ya turubai lile nani alikuwa na jibu? Kipaza sauti kilikuwa kimoja, naye ndiye aliyekishika. Magunia ya mbegu yalikuwa bado hayajagawiwa. Mama wa nyanya angesimama na kusema nini, kwa cheo gani, na msimu wa kupanda ulikuwa umebakiza wiki ngapi? Mzaha unaotolewa na mtu asiyeweza kujibiwa una jina lingine katika lugha yetu, dhihaka, na hatukuwahi kuuita utani hapo zamani.

Sisi Watanzania tumewahi kulipa gharama kubwa kwa kuchanganya viwili hivi. Wasomi wa rika langu wanalikumbuka jina la Mzee Punch pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: maandishi na michoro iliyobandikwa ukutani usiku na watu wasiojulikana, ambayo mwanzoni iliwakejeli wakubwa na kuchekesha kwelikweli, na kwa miaka ikageuka kuwa fimbo ya kuwachapa wanafunzi wa kike waliokataa kutii, kwa matusi ya kingono yaliyosomwa na chuo kizima wakati wa kwenda kula. Aliyechorwa hakuwa na ukuta wa kujibia, na waliozungumza naye walihofia kuchorwa pia. Mwezi Februari 1990 mwanafunzi mmoja, Levina Mukasa, alijiua baada ya kuandamwa hivyo. Ndipo watu walipoacha kucheka. Chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, ambacho kilikuwa kimeanzishwa 1987, kilikuwa miongoni mwa waliolibeba jambo hilo na mengine ya aina yake hadharani, mwaka baada ya mwaka, mpaka Bunge lilipopitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998. Naitaja miaka hiyo minane kwa makusudi, kwa kuwa wapo wanaodhani kwamba wanawake hujibu kwa hasira ya siku moja.

Jambo jingine ambalo hunishangaza ni jinsi mzaha huu ulivyo mkongwe na usivyo na mwenyewe. Kuna msemo kwamba jambo likiwa haliepukiki basi bora ulale utulie ulifurahie. Niliusikia kwa mara ya kwanza nikiwa msichana, nilipotumwa kumwita baba kwenye kilabu cha ulanzi, na niliamini kwamba uliwazukia wanywaji wale pale pale, mianzi ikiwa juu ya vichwa vyao. Kumbe mwaka 1990 huko Texas, Marekani, tajiri mmoja aliyegombea ugavana, Clayton Williams, alikuwa ameusema mbele ya waandishi waliokuja kwenye ranchi yake, akifananisha ukungu na baridi ya siku ile na ubakaji. Na Desemba 2021 mbunge wa jimbo la Karnataka nchini India, Ramesh Kumar, aliyewahi kuwa Spika, aliurudia ndani ya Bunge lao huku Spika aliyekuwa kitini akicheka. Wa Texas alishindwa uchaguzi mwezi Novemba, na aliyemshinda alikuwa mwanamke, Ann Richards. Wa Karnataka aliomba radhi siku iliyofuata. Mzaha wenyewe uliendelea na safari.

Wala sisemi kwamba mtu husema hivi na kuanguka. Rodrigo Duterte wa Ufilipino, alipokuwa akigombea urais mwezi Aprili 2016, alifanya mzaha juu ya mmisionari wa Australia aliyebakwa na kuuawa katika fujo za gerezani mjini Davao mwaka 1989, akasema kwamba yeye kama meya alipaswa kutangulizwa. Wiki chache baadaye alishinda. Kilichonivutia huko ni kile kilichofanywa na wanawake wakati yeye amekwisha kuwa madarakani, pale walipoanza mwaka 2018 kujirekodi wakisema kwa lugha yao “mimi ni mwanamke” na kuendelea na walichotaka kusema, mmoja baada ya mwingine. Hawakumwondoa. Walichokifanya ni kumnyang’anya kipaza sauti kimoja na kujitengenezea vingi.

Hata hivyo, mfano ninaourudia mara nyingi darasani ni wa Afrika Kusini, kwa sababu ndani yake kuna nguo yetu. Mwaka 2006 Jacob Zuma alikuwa mahakamani akijibu shtaka la kumbaka mwanamke aliyelindwa kwa jina la Khwezi. Zuma alikana, akasema kwamba walikubaliana, na mwezi Mei mahakama ikamwachia huru. Katika kesi hiyo mwanamke yule aliulizwa na kujadiliwa sana juu ya alichokuwa amevaa usiku ule ndani ya nyumba, nacho kilikuwa kanga. Neno lilelile la Waswahili, ambalo huko huandikwa pia “khanga”, likatafsiriwa kama mwaliko. Mwanamke yeyote wa huku ananielewa ninaposema kwamba nilisoma habari ile nikiwa nimejifunga kanga, na nikajitazama. Kanga ndiyo tunayojifunga tukitoka kuoga, ndiyo tunayombebea mtoto, ndiyo tunayomfunikia maiti. Kama hiyo ni ishara, basi sijui mwanamke wa Kiswahili ajifunge nini ili aonekane amelala usingizi tu.

Januari 2009 Julius Malema, wakati huo akiongoza umoja wa vijana wa ANC, aliwaambia wanafunzi mjini Cape Town kwamba mwanamke ambaye hakufurahia huondoka alfajiri, lakini aliyefurahia husubiri jua lichomoze, akaomba chai ya asubuhi na nauli ya teksi. Wanafunzi wakacheka. Shirika moja, Sonke Gender Justice, ambalo linawashirikisha pia wanaume na vijana wa kiume katika kazi zake, likampeleka kwenye Mahakama ya Usawa, na Machi 2010 mahakama ikamkuta na hatia ya kauli za chuki na unyanyasaji, ikamwamuru aombe radhi na kulipa randi 50,000 kwa nyumba ya kuwahifadhi wanawake waliodhulumiwa. Napenda hasa hapo palipoelekezwa fedha. Mzaha ulizungumzia kitanda, na mzaha ukalipia vitanda.

Kisha ikaja Agosti 2016. Zuma, akiwa sasa rais, alisimama kutoa hotuba wakati wa kutangazwa matokeo ya uchaguzi wa serikali za mitaa, mbele ya kamera za televisheni, na wasichana wanne wakainuka wakasimama mbele ya jukwaa bila kufungua midomo, wakiwa wameinua mabango ya karatasi. Moja lilisema mkumbukeni Khwezi. Jingine lilikuwa na neno moja tu: Khanga. Walisimama hivyo muda wote wa hotuba, na walinzi waliwakokota nje baadaye. Miezi miwili baadaye Khwezi akafariki dunia, akiwa ameishi miaka kumi akilisikia jina lake la bandia likichekewa. Sijui kama kuna hotuba yoyote ambayo ingesema zaidi ya karatasi ile yenye neno moja la Kiswahili.

Nirudi Kilolo, maana kuna hesabu ambayo niliifanya usiku ule na sijaweza kuiondoa kichwani. Tuseme wanawake chini ya turubai tulikuwa 100. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015-16 ulionyesha kwamba kati ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, asilimia 17 walikuwa wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Kwa hiyo alipokuwa akisimulia la blanketi, mheshimiwa alikuwa akiwasimulia watu kama 17 jambo lililowapata, na kuwaonyesha, kwa vitendo, jinsi majirani zao watakavyolipokea wakilisema. Wengine 83 tulikuwa kielelezo. Mimi nilikuwa kielelezo.

Kazi ya malezi imenifundisha kwamba msichana anapokuja kusema, haji kusema. Huja kuulizia tarehe ya mtihani, au kalamu, au ruhusa ya kwenda zahanati kwa tumbo, huku akikuchungulia usoni. Anachopima ni kimoja tu, nacho ni kama utacheka, au utaguna, au utamwuliza alikuwa akitafuta nini kule saa ile. Ninamkumbuka mmoja aliyenichungulia hivyo kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutakiwa zianze ndani ya saa 72. Kwenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, kupewa fomu ya polisi ya PF3, kufika hospitali kabla hajaoga na kufua, yote hayo yana saa zake, na saa hizo haziliwi na umbali wa barabara peke yake. Zinaliwa na mtu kukaa kitandani akisikiliza kicheko ambacho hakijatokea bado. Msichana yule alikuwa amehudhuria mahafali ya kaka yake wiki mbili kabla, ambako mshereheshaji aliuchezea mzaha wa aina hii kwa muda mrefu na walimu tukapiga makofi.

Sheria, kwa upande wake, haina utani. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu kinasema wazi kwamba si lazima kuwe na majeraha au dalili za kupambana ili kuthibitisha kwamba mwanamke hakuridhia, na adhabu ya chini, kwa kawaida, ni miaka 30 jela. Kwa maneno mengine, blanketi lililosema hapana lilisema hapana, hata kama asubuhi lilikutwa na joto. Huwa nawaza ingekuwaje kama mgeni rasmi angepewa kifungu hicho akisome badala ya hotuba.

Tena kosa hili si la wanaume pekee. Agosti 2024, baada ya video ya msichana aliyefanyiwa ukatili na kundi la vijana kusambaa kwenye simu za nchi nzima, kamanda wa polisi wa mkoa wa Dodoma, mwanamke, alinukuliwa akisema kwamba msichana huyo alionekana kama anajiuza. Wanawake wa vyama, wanasheria, wasanii na watu wasio na cheo chochote walipaza sauti kwa siku kadhaa mfululizo, na Jeshi la Polisi likamwondoa katika nafasi ile; mwishoni mwa Septemba mahakama iliwahukumu washtakiwa wanne kifungo cha maisha. Haukuwa mzaha, bali ulikuwa mto uleule kwenye chanzo chake, ambako swali la kwanza huwa juu ya aliyetendewa. Nami sikushangaa kwamba alilisema mwanamke. Nilikuwa nimecheka chini ya turubai.

Mbegu tulipewa, na picha ilipigwa, nasi tunaonekana tukitabasamu kwa sababu mpiga picha alituambia tutabasamu. Nilipotoka nilimtafuta mama wa nyanya ili nimwambie sijui nini. Alikuwa ameshapanda bodaboda na gunia lake limefungwa nyuma, akanisalimu tu, “Kamwene, mwalimu,” nami nikamwitikia, pikipiki ikaondoka.

Kwenye kikao chetu cha kikoba, Jumamosi iliyofuata pale Kihesa, mwenyekiti alilileta jambo hilo kama ajenda ya mengineyo. Yalisemwa mengi. Mmoja alitaka tuandike barua, mwingine akauliza barua hiyo tutampelekea nani na msimu ujao mbolea tutaiomba wapi, na bibi mmoja mwenye hisa nyingi kuliko wote akasema kwamba hatuwezi kumtoza faini mtu asiye mwanachama, kwa hiyo tuanze na tunaowaweza. Katiba yetu ina faini ya shilingi 500 kwa kuchelewa na 1,000 kwa simu kuita katikati ya kikao. Tukaongeza kifungu kwamba atakayefanya mzaha wa kubakwa, wa kwake au wa kuazima, na atakayeucheka, wote watatoa 1,000 kila mmoja, na wajibu wa kuwatoza waume zetu na vijana wetu majumbani ni wa kila mwanachama kwa namna anayoijua. Mimi ndiye katibu, nikaandika.

Wakati tukingoja chai, binti mmoja ambaye siku ile alikuwa shambani aliniuliza mheshimiwa alisema nini hasa. Nikasimama, nikatanua kifua kama yeye, nikaitia karatasi ya kumbukumbu mfukoni kwa ule mkono wake wa pete, nikaanza la blanketi kwa sauti yake nzito, wenzangu wakaanza kuangua kicheko, mmoja akashika mbavu.

“Mwalimu,” akasema mweka hazina, akiwa ameshalivuta sanduku na kuchomeka ufunguo, “buku. Nanyi mliocheka, mkae foleni nyuma yake.”